Shida si Wangapi, Shida ni Lini



Kila mada ya kuzaa ikiingia barazani huwa inaishia kwa swali moja: wangapi? Mzee atasema kwao walizaliwa kumi na mmoja na wote wakala wakashiba. Kijana wa boda atasema yeye wawili wanamtosha, maisha imekuwa ngumu. Dada aliyekaa kando atanyamaza, kwa sababu mara nyingi yeye haulizwi. Baada ya saa nzima mnaachana, kila mtu na namba yake.

Wacha niseme wazi. Swali la wangapi, nchi hii imeshalijibu kwa sehemu kubwa, na wazazi wetu ndio waliolijibu. Swali linalotumaliza sasa ni lini. Mtoto wa kwanza alikuja mama akiwa na umri gani? Wa pili alimfuata baada ya muda gani? Na ni nani aliyeamua? Hapo ndipo wasichana wetu wanapoteza masomo, afya na wakati mwingine maisha, huku sisi tukiendelea kupigana kuhusu namba.

Tuanze na hesabu, ndio tusibishane kwa hisia

Utafiti wa kitaifa uliofanywa 1977 hadi 1978 ulipata kwamba mwanamke wa Kenya, kwa mwendo wa uzazi wa wakati ule, angezaa watoto 8 maishani mwake. Hicho kilikuwa kati ya viwango vya juu kabisa duniani. Kufikia 1989 ilikuwa 6.7. Mwaka wa 1998 ikawa 4.7. Mwaka wa 2003 ikapanda kidogo hadi 4.9, halafu ikashuka tena: 3.9 mwaka wa 2014, na 3.4 mwaka wa 2022. Yaani ndani ya miaka 45 hivi tumeshuka hadi chini ya nusu. Bibi yako alizaa 8, mama yako akazaa 5, na wewe pengine unawaza 3.

Nani alifanya hivyo? Wengine watasema ni serikali. Ni kweli Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mwaka 1967, na ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Lakini angalia tarehe. Mpango ulianza 1967, na zaidi ya miaka kumi baadaye bado akina mama walikuwa wanazaa 8. Kliniki peke yake haikubadilisha kitu. Kilichobadilika ni hesabu ya nyumbani.

Mtaalamu mmoja wa Australia, John Caldwell, aliyefanya utafiti wake mwingi Nigeria, alieleza jambo hili kwa njia ambayo mzee yeyote wa Chwele angeielewa. Alisema mahali ambapo mali inatoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, watu watazaa wengi. Mtoto analima, anachunga, anateka maji, na baadaye anamtunza mzee. Lakini mali ikianza kwenda upande ule mwingine, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, watu wanapunguza wenyewe bila kuhubiriwa. Na kinachogeuza mkondo huo zaidi ya kitu kingine ni shule. Mtoto akiingia shule anaacha kuwa mkono wa shambani, anakuwa mdomo, daftari na karo.

Huku kwetu ongeza ardhi. Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi wa kizungu, na reli ilifika Kitale mwaka 1926 kwa sababu ya mahindi yao. Baada ya uhuru familia nyingi zilihamia kwa skimu za makazi na kwa mashamba ya kununua kwa makundi, wengi wakitoka Bungoma. Chukua mfano wa mzee aliyepata eka 10. Ana wana watano, kila mmoja anapata eka 2. Kila mwana naye akizaa wavulana wanne, mjukuu anapata nusu eka. Nusu eka haikulishi mahindi, haikulipii karo, na ndugu wakianza kugombania mpaka mnaishia kwa chifu. Bungoma ilihesabiwa watu 1,670,570 katika sensa ya 2019, na Trans Nzoia 990,341. Hao ni zaidi ya watu milioni mbili na nusu kwa kaunti mbili. Wazazi wetu waliona hayo kwa macho kabla ya mtaalamu yeyote kuja na karatasi.

Kwa hivyo tafadhali, tuache ile lugha ya kuwaita watu wa mashinani wajinga wasiojua kupanga. Walipanga.

Mahali ambapo hesabu inakataa

Sasa shika namba nyingine kutoka ule utafiti wa 2022. Kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini, asilimia 15 walikuwa wameshapata ujauzito. Ukitembea na darasa la wasichana ishirini, hao ni watatu.

Na hawatoki kila mahali sawa. Nyeri ni asilimia 5. Samburu ni 50. West Pokot, majirani wa Trans Nzoia ambao ukitoka Kitale unapanda gari la Kapenguria na hata hujachoka umefika, ni 36. Nchi moja, katiba moja, lakini msichana wa upande mmoja ana hatari mara saba ya mwenzake wa upande mwingine.

Tofauti nyingine ni ya shule na mfuko. Wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa, karibu wanne kati ya kumi wameshapata mimba. Walioendelea hata baada ya sekondari, ni mmoja kati ya ishirini. Kwa nyumba maskini kabisa ni kama mmoja kati ya watano, na kwa nyumba zenye uwezo ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kwa hivyo mtu akikuambia mimba za mapema ni shida ya tabia, muulize kama tabia inapimwa kwa pesa za baba.

Na usidhani watoto wakipungua basi umri wa kuanza nao unajirekebisha. Angalia Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi. Miaka ya 1970 mwanamke wa huko alikuwa anazaa zaidi ya watoto 6. Leo ni 2 na kidogo, tena chini yetu sisi. Wahudumu wanawake walitembea nyumba kwa nyumba na huduma, na kazi ikafanyika. Lakini takriban nusu ya wasichana wa huko bado wanaolewa kabla ya miaka 18. Anaolewa na miaka 16, anazaa mapema, anafunga uzazi akiwa na wawili. Kwenye takwimu anaonekana amefaulu. Kwenye maisha yake, alitolewa shule akiwa mtoto. Ukipima kwa wangapi peke yake, msichana huyo hutamwona.

Hata kwa anayejali idadi ya watu tu, swali la lini bado lina uzito. Fikiria mama wawili. Wa kwanza anapata binti akiwa na miaka 16, na binti naye anazaa binti na miaka 16, hivyo hivyo. Wa pili anapata binti akiwa na miaka 24, na binti naye 24. Yule wa kwanza akifika miaka 48, tayari ana kitukuu. Yule wa pili akifika 48, ndio kwanza anabeba mjukuu. Hata kama kila mmoja katika ukoo wao atazaa watatu tu, nyumba ya kwanza itakuwa imejaa mapema zaidi, na kila mama ndani yake aliingia jikoni akiwa bado anastahili kuwa darasani.

Mwili nao una saa yake

Kuna vitu mwili wa msichana hauwezi kuharakisha. Nyonga ikiwa haijakomaa, uchungu unaweza kuchukua siku mbili, mtoto amekwama, na hospitali iko mbali. Hapo ndipo fistula inatoka: njia inatoboka, mkojo unavuja bila kukoma, mume anaondoka, majirani wanafunga pua. Eldoret kuna hospitali, Gynocare, inayofanya upasuaji wa kurekebisha fistula. Ukimjua dada anayejificha kwa sababu ya hali hiyo, mwambie inatibika. Usimwache aishi peke yake akidhani ni laana.

Wasichana wadogo pia wako kwa hatari zaidi ya kifafa cha mimba, na watoto wao wengi huzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Kwa nchi nzima, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya kila uzazi hai 100,000, akina mama 355 wanakufa. Hiyo si ajali ya barabarani kwamba utasema ni bahati mbaya. Vingi vya vifo hivyo vinazuilika.

Lini si swali la mtoto wa kwanza peke yake. Ni la nafasi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Damu irudi, mwili ushikane, na yule wa kwanza anyonye akatembea. Mnawaona akina mama mtaani mwetu, mmoja mgongoni, mwingine tumboni, wa tatu ameshika leso. Yule wa mgongoni ndiye anayeachishwa ziwa mapema ili kumpisha mwenzake, na mara nyingi ndiye anayedhoofika.

Na dini inasemaje?

Najua hapa ndipo maoni yatajaa, kwa hivyo nitaenda polepole.

Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kukamilisha. Ni karibu muda ule ule ambao madaktari wanausema leo. Na aya hiyo hiyo, linapokuja suala la kumwachisha mtoto ziwa, inataja baba na mama kuridhiana na kushauriana. Kama kumwachisha ziwa kunahitaji mashauriano ya wawili, ndugu yangu, inakuwaje kumbebesha mimba iwe ni amri ya mmoja?

Kuhusu kuzuia mimba, swahaba Jabir alisimulia kwamba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, katika zama ambazo Qurani ilikuwa bado inateremka, na hawakukatazwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliandika jambo hilo kwa kirefu na akakubali sababu kama kuhofia hatari ya uzazi kwa mke na ugumu wa maisha unaokuja na watoto wengi. Kuna maulamaa wengine waliokuwa wakali zaidi, na hiyo ni ikhtilafu ya kuheshimiwa. Kuna wanaosema aya ya Suratul Israi inayokataza kuua watoto kwa hofu ya umaskini inafunga mlango. Lakini maulamaa walioruhusu azl waliijua aya hiyo kuliko sisi, na hawakuona kwamba kupanga nafasi ni kuua.

Iran pia ni mfano. Katikati ya miaka ya 1980 mwanamke wa huko alikuwa anazaa zaidi ya watoto 6, na kufikia mwaka 2000 walikuwa kama 2. Serikali yenyewe ya masheikh iliunga mkono mpango wa uzazi, na wachumba walitakiwa wapitie darasa la uzazi kabla ya kufunga ndoa. Baadaye siasa yao ikageuka, lakini kilichofanyika kinaonyesha jambo: hii si vita kati ya msikiti na kliniki.

Kama una wasiwasi kuhusu njia fulani, sindano au kijiti au kidonge, muulize sheikh unayemwamini na umuulize muuguzi pia, kwa sababu kila mwili una majibu yake. Lakini usitumie dini kama pazia la kutoongea na mke wako.

Msichana hajipi mimba

Sasa tuongee yale ambayo tunayajua lakini hatuyasemi kwa kipaza sauti.

Msichana wa kidato cha pili amefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Amekaa nyumbani wiki tatu. Hana pedi, hana pesa ya mafuta, na shule iko kilomita sita. Kuna mtu ana pikipiki. Leo ni lifti, kesho ni mia mbili, kesho kutwa ni deni. Au ni Agosti ya mwaka wa tohara, Bungoma nzima iko nje usiku, ngoma zinalia. Au ni disco matanga, watu wazima wamelala, watoto wako gizani. Sisemi tufute mila. Nasema watu wazima walikuwa wanakesha na watoto wao, siku hizi wengine wanawaachia usiku.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tulipata jibu la swali hili bila kupenda. Utafiti uliofanywa Siaya na kuchapishwa 2022 ulipata kwamba wasichana waliokaa nyumbani wakati huo walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari, wakilinganishwa na waliowatangulia, na hatari mara tatu ya kuacha shule. Wasichana walikuwa wale wale, na mila zile zile. Kilichokosekana ni lango la shule kufunguliwa asubuhi.

Kwa hivyo ukitaka kujua njia ya uzazi wa mpango iliyo na nguvu kuliko zote kwa msichana wa miaka 15, ni dawati.

Halafu baada ya mimba, nini hufanyika? Wazee wanakaa, chai inapikwa, kijana au mara nyingine mtu mzima mwenye familia analeta kitu kidogo, na mambo yanamalizwa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kulala naye ni kosa la jinai. Mbuzi wawili na bahasha havifuti jinai. Vinafuta ushahidi tu.

Na sisi Waislamu tuna yetu. Mimba ikionekana, tunakimbilia nikah ya haraka ili kusitiri. Namheshimu mzazi anayetaka kusitiri nyumba yake. Lakini tujiulize tunamsitiri nani. Msichana wa miaka 15 anapelekwa kwa mtu aliyemharibia masomo, bila yeye kuulizwa, na ndani ya mwaka na nusu yuko na mimba ya pili. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa miaka 18. Najua kuna mjadala kuhusu kifungu chake kinachozungumzia sheria ya Kiislamu, na huo mjadala wanasheria na makadhi wetu wauendeleze. Lakini nikah inataka ridhaa. Msichana anayelia chumbani huku baba anamjibia barazani, ridhaa yake iko wapi?

Anaweza kurudi shule, na ni haki yake

Hili nataka kila mmoja wenu alikumbuke, kwa sababu ndilo linaloweza kumwokoa msichana wiki hii hii. Tangu 1994 Kenya ina sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mpya wa kuwarudisha wanafunzi shuleni. Na Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakuna mstari unaosema isipokuwa aliyezaa.

Lakini karatasi haifungui lango. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulimsindikiza dada mmoja kurudi shuleni. Mtoto wake alikuwa na miezi saba na nyanya yake alikubali kumlea. Shule sitaitaja. Tuliambiwa nafasi hakuna, halafu tukaambiwa atawaharibu wenzake, halafu tukaambiwa turudi muhula ujao. Tulirudi muhula ujao. Mwishowe alipata shule nyingine ya kutwa, mbali zaidi. Anatoka saa kumi na moja asubuhi, anarudi jioni ananyonyesha, anafanya kazi ya ziada kwa taa ya simu. Walimu wa huko wamempokea. Yeye amebahatika kuwa na nyanya. Wangapi hawana?

Na mtu asiseme kumrudisha ni kumpongeza. Msichana aliyerudi darasani ana nafasi nzuri zaidi ya kuchelewesha mtoto wa pili. Aliyefungiwa nyumbani, wa pili yuko njiani.

Hospitali nayo imuite kwa heshima

Mwaka 2013 serikali ilitangaza uzazi wa bure katika hospitali za umma. Miezi michache baadaye, Agosti mwaka huo huo, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma kwa sababu vitanda havikutosha, na akapigwa na kutukanwa na wahudumu. Alienda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu pale Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikiukwa na akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Mama wa kawaida, bila jina kubwa, alisimama akashinda, na kesi yake inasomwa hadi nje ya Kenya.

Naitaja kwa sababu hii: kama mwanamke mzima alipigwa, msichana wa miaka 16 aliyekuja kuuliza kuhusu hedhi iliyochelewa atatarajia nini? Akiulizwa mbele ya foleni, kwa sauti, wewe mdogo hivi unatafuta nini hapa, hatarudi. Ataenda kwa mganga, au atakaa kimya mpaka mwezi wa saba. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja afya ya uzazi kwa jina. Si hisani ya muuguzi. Na wauguzi wengi ni wema na wamezidiwa na kazi, lakini wema wa mtu mmoja mmoja hauwezi kuwa ndio mfumo.

Kwa wale wanaosema idadi ni nguvu

Kuna ndugu watasema: sisi ni wachache huku magharibi, tuzae kwa wingi, idadi ni kura, idadi ni bajeti. Naelewa hofu hiyo. Mgao wa pesa za kaunti unaangalia idadi ya watu, na sensa imewahi kuleta kesi mahakamani. Lakini idadi inakuwa nguvu ikiwa ina vyeti vya kuzaliwa, ina vitambulisho, imesoma na ina afya. Msichana wetu akimaliza shule akawa mwalimu, muuguzi au wakili, huyo ni nguvu. Akizikwa na miaka 17 kwa uzazi uliokwama, tumepoteza wawili.

Na mwenye kutaka watoto wengi, wa halali, kwa makubaliano na mke wake, kwa nafasi, na anaweza kuwalea, azae. Sitamhesabia mtu watoto wake. Ninachokataa ni mtoto kuzaa mtoto.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila kundi letu la vijana liwe na nakala ya ule mwongozo wa shule wa 2020 kwenye simu. Msichana akikataliwa langoni, mtu mmoja amsindikize, aandike tarehe na jibu alilopewa, kisha apeleke kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mdomo unasahaulika, maandishi hayasahauliki.

Pili, kamati za misikiti zitenge sehemu ya sadaka kwa karo na pedi za wasichana wa kutwa. Muhula mmoja wa karo ni rahisi kuliko kesi moja ya mimba.

Tatu, madrasa na darasa za wikendi ziwe na kipindi cha kuongea ukweli kuhusu kubaleghe, wasichana na ustadha, wavulana na ustadh. Wavulana hasa. Tumewafundisha mabinti kufunga miguu miaka yote, hatujawafundisha wavulana kufunga suruali.

Nne, kesi ya mtoto isimalizwe barazani. Piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto. Mpeleke hospitali haraka, ndani ya saa 72 kuna dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Aliyetenda apelekwe polisi hata kama ni mjomba.

Tano, mnaotaka kuoa na kuolewa, ongeeni kabla ya nikah. Tutaanza lini? Tutapumzika muda gani? Nani atamlea mtoto ukiwa bado chuoni? Kama mnaweza kuongea kuhusu rangi ya mahema na idadi ya sufuria za pilau, mnaweza kuongea kuhusu hilo. Na mjisajili kwa SHA mapema, msingoje uchungu uanze ndio mtafute kadi.

Wazee wetu walipata ujasiri wa kubadilisha swali la wangapi, bila semina, wakiangalia tu ardhi na karo. Zamu yetu ni swali la lini. Jumamosi hii, kabla hujabishana na mtu hapa kwenye maoni, fanya jambo moja: tafuta msichana mmoja wa mtaa wako ambaye ameacha shule kwa sababu ya mimba, zungumza na mama yake, na umuulize kama anataka kurudi. Akisema ndiyo, tuandikie kwa ujumbe wa ndani. Tutatembea naye hadi langoni, inshallah.